Barua ya wazi kwa wanaosimamia Pokémon: kabla ya kuzima seva, tuachieni waya

Kwa wakubwa wa The Pokémon Company, pamoja na wenzenu wa Nintendo, Game Freak na Creatures,

Salamu kutoka Lubumbashi. Tunaoandika ni wachezaji wa michezo yenu na mafundi tunaozifungua mashine zake zinapogoma. Ombi letu ni moja, na tunaliweka hapa mwanzoni msije mkalitafuta: kabla ya kuzima seva yoyote, ihamishieni kazi yake ndani ya mashine na kaseti, ili watu wawili walioketi benchi moja waendelee kubadilishana Pokémon, kuwahamisha na kupokea zawadi za mchezo bila intaneti. Kazi hiyo mnaiweza. Mmeshaifanya zaidi ya mara moja, na tutawakumbusha ni wapi.

Pokémon ilianza na waya. Red na Green zilipotoka Japani tarehe 27 Februari 1996 zilikuwa na viumbe 151, na hakuna kaseti iliyowabeba wote. Satoshi Tajiri, aliyekua akikusanya wadudu, ameeleza kwamba waya unaounganisha Game Boy mbili ulimfanya awaze wadudu wakitambaa ndani yake kutoka mashine moja kwenda nyingine. Mfululizo mzima umekaa juu ya wazo hilo. Mwenye Red anamhitaji mwenye kaseti nyingine. Kadabra, Machopeur, Gravalanch na Spectrum, tukiwataja kwa majina ya Kifaransa tuliyoyazoea, hawafiki umbo lao la mwisho mpaka wapite mikononi mwa mtu mwingine. Ni mchezo uliotengenezwa kwa ajili ya jirani.

Jirani hapa tunaye. Vinavyopungua ni vingine. Kurant, yaani umeme, inakatika, na ikikatika modemu nayo inazima. Mega za intaneti tunanunua kidogo kidogo, na sasisho moja linaweza kumeza forfe, kifurushi chote. Malipo ya eShop, duka lenu la mtandaoni, yanataka kadi ya benki, PayPal au kadi ya kulipia kabla, wakati pesa zetu ziko kwenye simu, M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. Mashine zinatufikia zikiwa zimeshatumika: hii imetoka Ulaya na kaseti za Kifaransa, ile imeingilia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na kaseti za Kiingereza. Ndiyo maana kizazi cha pili na kizazi cha nane vya michezo vinaweza kukutana juu ya meza moja ya fundi, katika mitaa yetu ya Kamalondo au Kenya, na fundi huyo ndiye anayeona kwa macho yake kipi kimedumu na kipi kimekufa.

Tuanze na kilichodumu. Kaseti ya Gold, Silver au Crystal, za kizazi cha pili, huhifadhi mchezo kwenye kumbukumbu inayopoteza kila kitu ikikosa umeme, kwa hiyo ndani yake mliweka betri bapa ya CR2025, volti 3, inayoilisha kumbukumbu hiyo bila kupumzika. Betri hiyohiyo inaendesha saa, kwa sababu kizazi hicho, kilichoanza mwaka 1999, ndicho kilicholeta usiku, mchana na siku za wiki ndani ya mchezo. Inalisha vinywa viwili, basi huisha mapema kuliko ya Red na Blue. Dalili yake haina utata: mtu anacheza, anahifadhi, anazima, na akiwasha tena hakuna mchezo wa kuendelea, kuna wa kuanza tu. Wengi hudhani kaseti imekufa na kuiuza kwa bei ya kutupa.

Haijafa. Nyuma yake kuna skrubu moja inayotaka bisibisi maalumu ya milimita 3.8. Ukiifungua na kuinua ubao, betri unaiona imeshikwa na vibati viwili. Betri mpya iwe na vibati vyake tayari kutoka kiwandani, kwa maana kulehemu moja kwa moja juu ya betri ya lithiamu ni hatari, joto linaweza kuipasua usoni mwa fundi. Upande wa chanya na wa hasi umeandikwa kwenye ubao. Ukiugeuza, saa haitembei na mchezo hauhifadhiki. Na kama kaseti bado ina mchezo ambao mwenyewe hataki kuupoteza, kung'oa betri kavukavu ni kuufuta. Fundi anayejua huunganisha kwanza volti 3 nyingine sambamba na betri ya zamani, anahakikisha imeshika, ndipo anaing'oa. Miguu ya shaba inasafishwa kwa pamba na spiriti kali. Kupuliza kwa mdomo tuache kabisa, unyevu wa pumzi ndio unaoleta kutu. Baada ya hapo kaseti ina miaka mingi mbele yake, na waya wake unabadilishana Pokémon kama ulivyobadilishana siku ilipotoka dukani. Hata Red ya kizazi kilichotangulia inaupokea, mradi Pokémon anayerudi nyuma ni mmoja wa wale 151 wa mwanzo na hajui shambulio lolote jipya.

Ruby, Sapphire na Emerald, za kizazi cha tatu, zina tabia nyingine. Mchezo wao umehifadhiwa kwenye kumbukumbu isiyohitaji betri, na betri yao, CR1616, ni ya saa peke yake. Ikiisha, mchezo wenyewe unatangaza mara tu ukiwasha: unaweza kuendelea kucheza, ila mambo ya saa hayatatokea. Matunda uliyopanda hayakui, na maji ya Shoal Cave hayapandi wala hayashuki. Mwenye kaseti asiogope kubadilisha betri, hapotezi Pokémon hata mmoja. Ajue tu kwamba saa mpya inaanza mwanzo ilhali mchezo wake unakumbuka wakati wa zamani, kwa hiyo matunda yanaweza kuendelea kulala mpaka aanze mchezo mpya. FireRed na LeafGreen hazina saa wala betri, na ndizo tunazomshauri mzazi anunulie mtoto anayeanza.

Hapo kwenye Ruby na Sapphire kuna jambo tunataka mlisome mara mbili. Toleo lake la mwanzo lilikuwa na kosa katika hesabu ya tarehe: baada ya siku 366 za saa, matunda yaliacha kukua hata kama betri ilikuwa nzima. Intaneti haikuwamo ndani ya Game Boy Advance. Mlifanya nini? Mliweka marekebisho ndani ya FireRed, LeafGreen na Emerald, na mwenye Ruby akaunganisha waya na mwenziwe, marekebisho yakavuka kutoka kaseti moja kwenda nyingine. Sasisho lilitembea kwa waya, kutoka kwa jirani hadi kwa jirani. Leo hii mwenye Ruby yenye kosa hilo, akimpata mwenye Emerald halisi, anapona hapohapo. Hakuna tarehe ya mwisho iliyowekwa juu ya marekebisho hayo, na hakuna ofisi inayoweza kuyazima.

Tumesema Emerald halisi, na tunasisitiza, kwa sababu za bandia zimejaa. Ya halisi ina tarakimu mbili zilizogandamizwa kidogo kwenye karatasi ya mbele, unaziona ukiinamisha kaseti kwenye mwanga, na jina la Nintendo limeandikwa kwenye ubao juu ya miguu ya shaba. Ya bandia mara nyingi hucheza vizuri mpaka umalize Ligi, pambano kuu la mwisho wa hadithi, kisha inashindwa kuhifadhi. Nyingine zinakataa waya. Kwa kizazi cha nne na cha tano, HeartGold, SoulSilver, Black na White halisi zina plastiki nyeusi inayopitisha mwanga kidogo ukiishika mbele ya taa kali, kwa sababu ndani yake kuna mionzi ya infraredi.

Sasa ngazi ya kupanda kutoka kizazi hadi kizazi. Hapa ndipo penye uchungu.

Kizazi cha tatu kilikata kamba na viwili vya kwanza, na aliyekuwa na timu yake katika Gold aliiacha huko. Kutoka cha tatu kwenda cha nne mlijenga Pal Park: kaseti ya Game Boy Advance inaingia tundu la chini la DS, mashine iliyoifuata, kaseti ya Diamond inakaa juu, na Pokémon 6 wanavuka kwa mara moja. Inataka DS ya kwanza au DS Lite, kwa kuwa DSi mliinyima tundu hilo. Pokémon anayejua shambulio la CS, aina inayotumika pia kufungua njia kwenye ramani, kama Surf, anakataliwa mpaka alisahau. Na kaseti zote mbili lazima ziwe za lugha moja. Hilo la mwisho wengi hawalijui mpaka waligonge: Ruby ya Kifaransa na Diamond ya Kiingereza hazihamishiani kitu, ingawa kwa kubadilishana kwa kawaida michezo ya lugha tofauti inaelewana vizuri. Mji kama wetu, unaopokea kaseti kutoka pande mbili, unaumizwa na sharti hilo kuliko mji wowote wa Ufaransa au wa Uingereza.

Kutoka cha nne kwenda cha tano kuna nyumba kwenye Route 15 ya Unova, nchi ya Black na White, inayofunguka baada ya kumaliza hadithi. Inataka DS mbili: moja na Black au White, nyingine na kaseti ya zamani. Zinaongea kwa redio zao zenyewe. Pokémon wanakwenda 6 kwa 6, bila kitu mkononi, bila shambulio la CS. Hatua hizo mbili, Pal Park na Route 15, zinafanya kazi leo, bila intaneti, na zitafanya kazi kesho mradi kuna mtu wa kuzilehemu mashine.

Ngazi inavunjika kwenye hatua inayofuata. Kutoka kizazi cha tano kwenda mbele, njia ni programu mbili za 3DS, mashine iliyoifuata DS: Poké Transporter na Bank, ghala la Pokémon la mtandaoni, na hizo zinapitia seva. Poké Transporter inachukua Pokémon wa sanduku la kwanza tu, 30, na kuwapeleka Bank. Kutoka Bank wanakwenda HOME, ghala jipya zaidi, na kutoka HOME wanaingia michezo ya Switch, mashine iliyoifuata 3DS. Tarehe 27 Machi 2023 mlifunga duka la 3DS. Mwezi Aprili 2024 mkazima michezo ya mtandaoni ya 3DS. Bank mliiacha wazi, tena bila malipo, na kwa hilo tunawashukuru kwa moyo. Lakini mashine ambayo haikuwahi kupakua Bank kabla ya duka kufungwa haiwezi tena kuipata. Kwa hiyo tunamwambia kila anayeleta 3DS iliyotumika: usiifute. Kabla ya kurudisha mashine mwanzo ili iwe safi kwa kuuza, angalia kama picha ya Bank imo. Ikiwamo, mashine hiyo ni daraja. Mwenye Platinum, mwenye White 2, hata aliyekuwa amenunua Red ya 3DS ya mwaka 2016 ndani ya mashine hiyohiyo, wote wanaweza kuvuka kupitia hiyo moja. Fundi asiyejua huifuta kwa nia njema, na daraja limekwenda.

Mlisema Bank inaendelea kwa sasa. Neno hilo, kwa sasa, ndilo linalotutia hofu, maana tumeona mwenendo. Nintendo Wi-Fi Connection ilizimwa tarehe 20 Mei 2014, na kubadilishana kwa mbali katika Diamond na Black kukaisha. Dream World, iliyogawa Pokémon wenye uwezo uliofichwa, ilizimwa Januari 2014, miaka isiyozidi minne baada ya Black na White kutoka. Global Link, tovuti ya wachezaji, ilifungwa tarehe 24 Februari 2020. Kwenye simu, Pokémon Duel ilikoma tarehe 31 Oktoba 2019 na Rumble Rush Julai 2020, na hizo mbili hazikuacha hata kitu cha fundi kufungua. Kaseti ya Black bado inawaka. C-Gear, kifaa chake cha mawasiliano kwenye skrini ya chini, bado ina kitufe cha mtandao. Ukikibonyeza, inatafuta, inatafuta, kisha inasema imeshindwa.

Pokkén, Stadium na Pinball, michezo ya pembeni, tunazipita, si kwa kuzidharau, bali kwa sababu zinaeleweka. Katika michezo ya pembeni, inayotufaa kama mfano ni ile iliyobuni njia zake za kukutana.

Wa kwanza ni Mystery Dungeon, Red na Blue Rescue Team, iliyotoka Japani mwaka 2005. Mchezaji akianguka ndani ya pango, anaweza kuchagua kusubiri uokoaji. Mchezo unamwandikia nambari ndefu ya herufi na tarakimu. Anaiandika kwenye karatasi, au anaituma kwa SMS, au anaisoma kwa simu. Mwenzake, popote alipo, anaiingiza kwenye kaseti yake, anashuka pango lilelile mpaka ghorofa ileile, anamfikia aliyeanguka, na mchezo unampa nambari ya kurudisha. Aliyeanguka anaiingiza na kusimama tena. Mchezaji wa Lubumbashi anaweza kumwokoa mchezaji wa Likasi kwa SMS mbili tu, ya kwenda na ya kurudi. Tahadhari pekee ni mwandiko: herufi moja ikikosewa nambari yote inakataliwa, basi isomwe kwa mafungu mafupi, na anayepokea airudie kwa sauti. Hatujui njia nyingine katika mfululizo wenu wote iliyoheshimu umaskini wa mtandao kiasi hicho.

Wa pili ni Pokémon Ranger ya 2006, iliyobeba yai la Manaphy, Pokémon adimu, na kulirusha kwa redio kutoka DS moja kwenda nyingine yenye Diamond au Pearl. Mnunuzi wa Ranger iliyotumika ajue kwamba yai ni moja kwa kaseti; likishatumwa na mwenyewe wa kwanza, halipo tena. Wa tatu si mchezo bali kifaa, Pokéwalker ya HeartGold na SoulSilver: betri ya CR2032, hatua 20 zinakupa wati moja, na infraredi inarudisha Pokémon nyumbani. Kutembea na Pokémon mfukoni kulikuwapo kabla ya Pokémon GO ya kwenye simu, na hakukuhitaji setelaiti wala mega.

GO tunaicheza na tunaipenda. Tropius, yule mwenye ndizi shingoni anayepatikana porini Afrika na sehemu chache za jirani, wachezaji wa mabara mengine humtafuta kwetu, na sisi tunafurahi kuwa na cha kuwapa. Lakini vituo vya PokéStop vimefuata mahali wachezaji wa mwanzo walipokuwa wengi, na mtaa wenye makanisa, masoko na sanamu unaweza kuonekana mtupu kwenye ramani yenu. Pia mchezo unapokea mahali ulipo na kuuliza seva kila mara. Mtandao ukiyumba sekunde chache, Pokémon uliyemkaribia anapotea. TCG Pocket, mchezo wa kadi wa kwenye simu uliotoka Oktoba 2024, inadai intaneti hata unapopigana na kompyuta. Mchezo wa kadi wa Game Boy wa mwaka 1998 ulifanya kazi ileile kwa betri za AA.

Tulisema kazi hii mmeshaifanya: mmeshawahi kufungua mlichokifunga. Crystal ya Japani ilimficha Celebi, Pokémon adimu, nyuma ya huduma ya simu za mkononi iliyodumu kuanzia Januari 2001 hadi Desemba 2002. Mlipoirudisha Crystal kwenye 3DS mwaka 2018, mliliweka tukio hilo ndani ya mchezo wenyewe: ukimaliza Ligi, unapewa GS Ball, mpira unaomleta Celebi. Hakuna aliyelalamika kwamba Celebi ameshuka thamani. Katika Legends: Arceus ya 2022 mliweka Linking Cord, kifaa kinachomgeuza Spectrum kuwa Ectoplasma, umbo lake la mwisho, hata kama uko peke yako. Na Spiritomb wa Diamond, aliyetaka usalimiane mara 32 na wachezaji wengine ndani ya Underground kwa redio ya DS, tayari aliruhusu salamu zote 32 kutoka kwa rafiki mmoja anayetoka na kurudi. Mtu mwenye rafiki mmoja tu mlimfikiria.

Kwenye Switch pia kuna kitu kizuri ambacho wachezaji wengi hawakijui, na tunakieleza hapa kwa faida yao. Simama juu ya picha ya mchezo, bonyeza +, ingia kwenye masasisho ya programu, chagua kulinganisha toleo na mtumiaji aliye karibu. Mashine moja iliyokwisha kupakua sasisho inazigawia nyingine kwa redio, bila mega. Kundi la watu watano linalipa upakuaji mmoja. Scarlet na Violet vilevile zinaruhusu kubadilishana na kucheza wanne pamoja mkiwa karibu, bila kulipia huduma ya mtandaoni. Huo ndio mwelekeo tunaoutaka.

Ila msituuzie kaseti isiyokamilika. Brilliant Diamond na Shining Pearl, za Novemba 2021, zilifika dukani zikihitaji sasisho la 1.1.0, takriban GB 3, na bila hilo hata Ramanas Park, sehemu nzima ya mchezo, haimo. Siku seva hiyo itakapofungwa, kaseti itabaki na toleo la kwanza milele, na hakuna bisibisi ya milimita ngapi itakayoongeza kisichokuwamo.

Basi tunachoomba ni hiki. Kwanza, HOME ipewe njia ya redio: Switch mbili zikiwa karibu, au Switch na simu, Pokémon avuke bila seva, hata kama atapewa alama kwamba hakukaguliwa na asiruhusiwe kwenye mashindano. Tunaelewa kwamba ukaguzi wa wadanganyifu ndio sababu mojawapo ya seva. Alama hiyo ingetosha, maana anayemtaka Pokémon wake wa utotoni hataki kombe. Pili, kila zawadi iliyogawanywa kwa intaneti iwekwe ndani ya sasisho la mwisho la mchezo wake, kama mlivyofanya kwa GS Ball, na sasisho hilo liweze kugawanywa kwa mashine ya jirani. Tatu, Linking Cord iwemo katika kila mchezo mpya. Nne, chapeni nyaraka za matengenezo ya kaseti za vizazi vitatu vya kwanza na kuuza betri zenye vibati. Tunazibadilisha tayari, afadhali tuzibadilishe kwa vipimo vyenu kuliko kwa kubahatisha.

Kuna ombi la lugha pia, na tunajua ni la muda mrefu zaidi. X na Y za 2013 zilimaliza kaseti za lugha moja kwa kumpa mchezaji achague kati ya lugha 7, na tangu hapo mmeongeza Kichina kwa maandishi mawili, kisha mwaka 2025 Kihispania cha Amerika ya Latini katika Legends: Z-A. Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa za Kongo na kinasemwa kutoka hapa hadi pwani ya Bahari ya Hindi. Hatudai mchezo mzima kesho. Anzeni na menyu za GO na maelezo ya HOME. Mkitaka faida ya mchezaji mara moja, kumbukeni kanuni yenu wenyewe: wazazi wawili kutoka michezo ya lugha tofauti huzaa mtoto mwenye rangi adimu kwa nafasi ya 1 kwa 683 hivi, badala ya 1 kwa 4096. Mji wenye Kifaransa na Kiingereza mezani unaijua kanuni hiyo vizuri, na Ditto wa Kiswahili, yule Pokémon anayetumika kuzalisha, angetafutwa kutoka Tokyo hadi São Paulo.

Mwisho, Bank. Mtakapoamua tarehe ya kuizima, itangazeni mwaka mzima kabla, si wiki chache. Fungueni tena upakuaji wake katika mwaka huo, kwa 3DS yoyote, bila malipo. Huku kwetu, mtu mwenye kaseti ya Platinum yupo Katuba, mwenye DS ya pili yupo Ruashi, na 3DS yenye Bank huenda iko Likasi au Kolwezi. Kuwakutanisha wote meza moja, siku yenye kurant na mega za kutosha, kunataka miezi. Tupeni miezi hiyo.

Wachezaji na mafundi wa Pokémon, Lubumbashi